Hapana ya Wengi

Dhahabu ilipopatikana Kakamega, Kenya, mwaka 1931, wenyeji walikuwa na sheria ya kujikinga nayo. Ilitungwa mwaka 1930, nayo ilisema ardhi yao ikitwaliwa, baraza lao liulizwe kwanza na wapewe ardhi nyingine ya thamani hiyo. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha upesi: baraza si lazima liulizwe, na fidia yaweza kuwa pesa. Kukataa kwao hakukupingwa kwa hoja. Kulifutiwa mahali pa kusikika.

Mahali hapo palirudi polepole. Tarehe 21 Novemba 2005 debe liliamua: takriban asilimia 58 ya wapiga kura waliikataa rasimu ya katiba, na ubishi ukaisha. Katiba ya 2010 ikafanya ushirikishwaji wa umma kuwa lazima. Lakini mara nyingi mwananchi hutoa maoni ukumbini, yakaandikwa, na mswada ukapita vilevile.

Ndiyo maana mjadala wa Mswada wa Fedha wa 2024 ulihamia kwenye simu. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 kwenye magari, wakaueleza TikTok kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Nambari za wabunge zilisambazwa, ujumbe ukamiminika. Hakukuwa na mwenyekiti wala kura. Basi serikali ilipoondoa kodi ya mkate tarehe 18 Juni, nani angesema inatosha au haitoshi? Hakuna aliyetumwa kujibu, na bado jibu lilikuwa moja kila ukurasa: ukataliwe wote, usirekebishwe. Naliona hilo kuwa uamuzi kamili, ulioiva kwa watu kuulizana na kujibizana hadharani hadi pingamizi likakauka.

Bunge halikulisikia jibu hilo. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakapinga. Miji mingi iliandamana, Kakamega ikiwemo. Tume ya taifa ya haki za binadamu awali ilihesabu vifo 22. Kesho yake Rais Ruto alikataa kutia saini. Kisheria, aliyeuzuia mswada ni yeye.

Uamuzi wa mtandaoni haukuwa na karani wa kuulinda. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo Rais alitia saini sheria mpya ya kodi, na baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa Juni yalikuwa ndani yake.