Dawa ya Kihindi Si Feki: Safari ya Kidonge cha Saratani ya Mapafu Mpaka Mji wa Kale

Kuna maneno mawili hapa Mji wa Kale yananiudhi kuliko yote: "dawa ya Kihindi." Husemwa kwa mdomo kubinuliwa. Mtu akisikia mgonjwa anameza kidonge kilichotengenezwa India, ashahukumu: feki hiyo, bei poa hiyo, mbona hamkumtafutia ya Ulaya? Na anayesema hivyo amevaa kitambaa kilichotoka upande huohuo wa bahari na amekula biriani mchana. Leo naandika historia ya kidonge kimoja tu, manake nimechoka kuieleza barazani kwa mdomo.

Kidonge chenyewe ni erlotinib, miligramu 150, kimoja kwa siku. Shangazi yangu anakimeza. Amenipa ruhusa ya kuandika bora nisimtaje jina. Ana saratani ya mapafu ambayo ishatoka pafuni ikafika mifupani. Hajavuta sigara hata siku moja. Hilo nalisisitiza kwa sababu neno la kwanza mtaa ulilosema ni kwamba lazima alikuwa akivuta kisirisiri. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinitarajie digrii ya famasia. Lakini kusoma sikuacha.)

Tuanze na panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi wa Marekani, Stanley Cohen, alikuwa akidunga vitoto vya panya kitu alichokitoa kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Akaona ajabu. Kitoto cha panya hufungua macho siku ya 12 mpaka 14 hivi. Hivi vyake vilifungua siku ya saba. Kumbe ndani ya ile dawa yake mlikuwa na kitu kinachoziamuru seli za ngozi zikue haraka, hata kope zikaachana kabla ya wakati wake. Kitu hicho kikapewa jina EGF. Mwaka 1986 Cohen alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini, yule mama wa Kiitaliano.

Sasa, amri haina maana bila mtu wa kuipokea. Seli zina kipokezi juu yake kinachoshika ile EGF, nacho kinaitwa EGFR. Fikiria swichi ya taa. EGF ikija, swichi inawaka, seli inakua. Ikiondoka, swichi inazima. Katika baadhi ya saratani za mapafu, jeni inayotengeneza swichi hii imeharibika, basi swichi imekwama ikiwa imewaka. Hakuna anayeiamuru, lakini seli zinakua tu, usiku na mchana. Erlotinib na ndugu yake gefitinib zinaingia ndani ya swichi hiyo na kuizima. Hapo ndipo zinapotofautiana na kemo, ambayo hupiga kila seli inayogawanyika kwa kasi, ya saratani na ya nywele pia.

Lakini kampuni zilipoanza kuuza dawa hizi hazikujua zinamfaa nani. Gefitinib iliruhusiwa Japani mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003. Kwa wagonjwa wa Marekani, takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyepata nafuu ya kuonekana. Huyo mmoja sasa! Mtu aliyekuwa hapumui bila oksijeni anatembea baada ya wiki chache. Wengine wote, kimya. Madaktari wakagundua kwamba waliopona vile mara nyingi walikuwa wanawake, watu wa Asia Mashariki, na watu ambao hawajavuta sigara. Mwaka 2004, timu mbili za Boston na moja ya New York zikatoa jibu karibu kwa wakati mmoja: wale walioitikia dawa ndio waliokuwa na hitilafu kwenye jeni ya EGFR. Kwa Wazungu wenye aina ya saratani ya mapafu inayoitwa adenokasinoma ni kama watu 10 mpaka 15 kwa mia. Asia Mashariki ni karibu nusu.

Kwa hivyo wale wa "alikuwa akivuta kisirisiri," historia hii yawakana. Dawa hii ilijulikana inavyofanya kazi kwa sababu ya watu wasiovuta.

Novemba 2004 erlotinib ikaruhusiwa Marekani, kwa jina la Tarceva, la kampuni ya Roche upande wa dunia yetu. Na hapa ndipo India inaingia.

India ilikuwa na sheria ya mwaka 1970 iliyosema huwezi kuwa na hataza juu ya dawa yenyewe, yaani haki ya kuiuza peke yako. Unaweza kulinda njia ya kuitengeneza tu. Mwingine akipata njia yake tofauti, halali yake. Kwa miaka thelathini na zaidi viwanda vya India vikajifunza hivyo. Kimojawapo ni Cipla, kilichoanzishwa Bombay mwaka 1935. Mwenye umri wa wazazi wangu analikumbuka jina hilo kwa jambo jingine. Februari 2001, mkuu wake Yusuf Hamied alitangaza kwamba atauza dawa za ukimwi kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati kampuni za Magharibi zilikuwa zinauza kwa zaidi ya dola 10,000. Mwaka uleule Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Nani hapa Mombasa hana mtu aliyebaki hai kwa vidonge vile? Wakati ule hakuna aliyebinua mdomo.

Mwaka 2005 India ilibidi ibadilishe sheria ili iendane na masharti ya Shirika la Biashara Duniani, na hataza za dawa zikaanza. Roche ikapata yake juu ya erlotinib. Mwaka 2008 Cipla ikaingiza sokoni erlotinib yake, Erlocip. Roche ikakimbilia Mahakama Kuu ya Delhi kutaka izuiwe. Katika kesi ile bei zilitajwa wazi: kidonge kimoja cha Roche rupia 4,800, cha Cipla rupia 1,600. Machi 2008 jaji akakataa kuizuia Cipla, na sababu mojawapo ni maslahi ya umma, kwamba hii ni dawa ya kuokoa maisha na tofauti ya bei ni kubwa mno. Kesi ikavutana miaka. Mwaka 2012 Cipla ikashinda. Mwaka 2015 majaji wa rufaa wakageuza, wakasema hataza ya Roche ilivunjwa, lakini haikubaki hata miezi sita iishe muda, kwa hivyo hawakuifungia Cipla soko. Machi 2016 hataza ikaisha. Hebu angalieni: mahakama ilibishana ni nani mwenye haki ya kuiuza. Kwamba kilichomo ndani ya kidonge cha Cipla ni erlotinib, hilo ndilo Roche yenyewe ilikuwa ikishtakia!

Na sisi tuna kesi yetu. Mwaka 2008 Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na maelezo yake ya "bandia" yalikuwa mapana kiasi kwamba dawa ya jeneriki, iliyo halali kabisa, ingeweza kuingizwa kapu moja na feki. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi wakaenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu Nairobi akaamua kwamba vifungu vile vinatishia haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya. Yaani hii tabia yetu ya kuita jeneriki feki ilishawahi kuandikwa kwenye sheria, na mahakama ikaikataa. Ningependa uamuzi ule ufundishwe skuli. Sisi tulifundishwa Vasco da Gama mara tatu.

Feki za kweli zipo, sikatai, na ndiyo maana dawa inunuliwe kwa famasi iliyosajiliwa na sio kwa mtu aliye na begi. Lakini hilo ni jambo jingine.

Kwa shangazi, kilichotutesa hakikuwa kidonge. Kilichotutesa ni kujua kwamba anakihitaji. Alianza kukohoa, akakonda, picha ya kifua ikaonyesha doa, na hospitali moja hapa pwani ikamwanzishia dawa za TB. Miezi sita. Mkojo mwekundu, kikohozi palepale. Si yeye peke yake. Nchi yenye TB nyingi kama yetu, kila doa pafuni huitwa TB kwanza, na hata dalili zafanana. Baadaye ndipo akafanyiwa CT, akakatwa kinyama kidogo pafuni, na kile kinyama kikasafirishwa nje ya nchi kupimwa jeni. Tulichanga familia nzima, Kibokoni mpaka Muscat. Majibu yakarudi: EGFR, ekzoni 19. Bila karatasi ile hakuna daktari mwenye akili ambaye angempa erlotinib, kwa sababu kwa asiye na hitilafu ile kemo inamfaa zaidi. Hilo tulijua tangu 2009, utafiti wa Asia ulioitwa IPASS ulipolinganisha gefitinib na kemo. Shirika la Afya Duniani liliingiza erlotinib kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Lakini dawa kuwa kwenye orodha na kipimo kuwa hospitalini kwako ni vitu viwili.

Wiki ya pili akatoka vipele uso mzima. Jirani akasema hasidi kamwona, chomeni ubani. Sasa mkumbuke vile vitoto vya panya. EGFR iko kwenye ngozi pia, na ukiizima pafuni umeizima na usoni. Daktari wake wala hakushtuka. Alimpa mafuta na kumwambia wagonjwa wanaotoka vipele vingi mara nyingi ndio dawa inawafanyia kazi. Kucha zilimuuma, tumbo likaharisha, lakini kikohozi kikapoa na akarudi kupika mahamri. Balungi aliambiwa aache. Kidonge hutaka tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada, kwa hivyo mwezi wa Ramadhani alikuwa akikimeza usiku, baina ya tarawehe na daku. Kufunga aliambiwa asifunge, lakini nyumba yote ilikuwa ikiishi saa zile, naye akaishi nazo.

Saratani hii hujifunza. Kwa wengi, baada ya mwaka hivi, swichi hubadilika umbo na kidonge kikashindwa kuishika. Hitilafu hiyo mpya, T790M, ilijulikana 2005, na dawa ya kuikabili, osimertinib, ikaruhusiwa Marekani Novemba 2015. Kimoja kwa siku, miligramu 80. Sasa hata hutolewa ikiwa ya kwanza, kwa sababu katika utafiti wa FLAURA wagonjwa waliishi kwa wastani miezi 38.6, na wa dawa za zamani 31.8. Bei yake ilipoingia sokoni kule: dola 12,750 kwa mwezi. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kwa familia nzima kwa mwaka kilikuwa shilingi 400,000, na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu juu yake. Kwa bei ile ya kule, pesa hizo za mwaka haziwezi kununua vidonge vya wiki mbili.

Bangladesh wanatengeneza osimertinib yao tayari, kwa sababu nchi maskini zaidi duniani zimeruhusiwa kutofuata hataza za dawa mpaka 2033. Uganda na Tanzania zimo kwenye orodha hiyo. Kenya haimo.