Merikani bila Marekani: Neno na Kitambaa katika Tana ya Chini, 1919–1939

Mhakiki akusanyaye nyimbo za Wapokomo na Waorma pande za Garsen, akikutana na neno merikani, huelekea kulichukua kuwa ushahidi wa biashara na Marekani. Sisi tunashikilia kwamba neno hilo halitoshi hata kukadiria umri wa wimbo. Mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliwaimarisha wafanyabiashara wa Salem, waliouza vitambaa vya Massachusetts. Vita vya 1861–1865 vikaikata biashara hiyo, na Bombay ikaziba pengo. Baina ya vita vikuu viwili mambo yalipinduka zaidi. Viwanda vya New England vilianza kuporomoka hata kabla ya mtikisiko wa 1929 (jambo lisahaulikalo mno), na mwaka 1935 Amoskeag, kilichopata kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, kikafungwa. Wakati huohuo Japani ilikuwa ikiliteka soko la Afrika Mashariki, kwani mikataba ya Bonde la Kongo iliizuia serikali ya Kenya kuibagua kwa ushuru. Kitambaa kilichoingia Tana kupitia Lamu na Kipini kikaendelea kuitwa merikani, mfumaji wake akiwa Mjapani.