IBM 1401 Yaunguruma Tena

IBM ilitangaza kompyuta ya modeli 1401 Oktoba 1959, ikatengeneza mitambo zaidi ya 10,000. Ndani yake hakuna chipu hata moja. Kazi yote hufanywa na maelfu ya transista zilizochomelewa kwenye vibao vidogo, na kumbukumbu ya vipete vya sumaku ambayo, hata ikipanuliwa kabisa, haizidi herufi 16,000.

Mtambo mmoja wa modeli hiyo ulifika katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta, Mountain View, California, ukitokea Ujerumani. Ulikuwa umeingia kutu. Waliojitolea kuufufua, wengi wao mafundi wastaafu wa IBM, walichomoa vibao, wakapima transista na kubadilisha zilizokufa. Umeme nao ulileta kizungumkuti: mota zake zilizoea mizunguko 50 kwa sekunde, wakati Marekani hutumia 60. Ikabidi itafutwe mashine ya kugeuza umeme. Baadaye ililetwa 1401 ya pili kutoka Connecticut, nayo pia ikatengenezwa.

Ukitaka kuona ufundi wenyewe, simama kwenye printa. Mnyororo wa herufi za chuma hukimbia kwa kasi mbele ya karatasi. Nyuma ya karatasi vinyundo 132 vinangoja, kila kimoja kikigonga pale tu herufi yake inapopita. Matokeo ni mistari 600 kwa dakika, na kelele ya kutosha kukatiza mazungumzo.

Siku za maonyesho, mgeni huweza kutoboa jina lake kwenye kadi, akalipata limechapwa kwa herufi kubwa. Tafadhali usiguse kadi za programu zilizopangwa mezani: zikichanganyika, programu imeharibika.