Kosa la Kutembea

Kuna swali kwenye fomu za shule za sheria ambalo huwafanya watu waweke kalamu chini: je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kupatikana na hatia? Marekani swali hili huja mapema, kabla hata hujapata nafasi, na shule nyingi hutaka maelezo kamili. Hapa kwetu linachelewa. Unasoma digrii miaka minne, unapita Kenya School of Law, unafanya mitihani, halafu siku unapomwomba Jaji Mkuu akuapishe kuwa wakili ndipo unapoulizwa kama wewe ni mtu anayefaa. Lije mapema au lije mwisho, swali ni lilelile.

Nimeanza kulifuatilia kwa sababu ya rafiki yangu aliyekulia Kakuma. Anaomba kusomea sheria ng'ambo, maana Sheria yetu ya Mawakili inaangalia uraia na kwa mkimbizi mlango huo ni mwembamba. Miaka kadhaa nyuma alishushwa kwenye basi la kuelekea Kitale kwa kukosa kibali cha kutoka kambini. Akalala seli, akasimama kortini, akalipa faini. Sasa yuko na fomu mbele yake, na watu wanamwambia anyamaze tu, kwani nani huko atajua? Mimi si loya, na chuo nilikiacha kabla sijamaliza. Lakini historia naisoma, na Turkana ina mengi ya kusema kuhusu rekodi za makosa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mwaka 1902 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoruhusu eneo zima kufungwa: huingii bila leseni. Mwaka 1934 ikaja nyingine, ya wilaya maalum, na Turkana ikawa ndani. Chini yake ofisa angeweza kumzuia mtu asitoke sehemu aliyopangiwa, na kabila likishatangazwa kuwa adui, watu wake na mifugo yao wangeweza kushikwa kwa jumla. Sheria hizo hazikufa na uhuru. Zilibaki vitabuni hadi 1997. Sasa fikiria mfugaji wa Kiturkana ambaye maisha yake yote ni kufuata majani na maji. Kwake kutembea ndiyo kazi. Kwa serikali, kutembea kulekule kuliweza kuwa kosa.

Ndiyo maana mkoloni alipotaka mahali pa kumweka mtu mbali na watu wake, alijua pa kwenda. Tarehe 8 Aprili 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Walipelekwa Lokitaung, juu kabisa kaskazini mwa Turkana. Aprili 1959 Kenyatta alimaliza kifungo. Hakupelekwa nyumbani. Aliletwa Lodwar akawekwa chini ya amri ya kutotoka, akakaa hapo hadi 1961 alipohamishiwa Maralal, na Agosti mwaka huo akarudi Gatundu. Yaani adhabu ya korti iliisha, lakini Lodwar yenyewe ikawa jela isiyo na ukuta. Angetoka pale bila ruhusa angekuwa na kosa jipya, na kosa lenyewe lingekuwa kutembea.

Hiyo hukumu ya 1953 ilisimama juu ya nini? Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 aliapa hati ya kiapo akisema kwamba alidanganya Kapenguria, na kwamba aliahidiwa malipo, ikiwemo nafasi ya kusoma katika chuo cha Exeter, Uingereza. Serikali ikamshtaki. Haikumshtaki kwa uongo wa Kapenguria. Ilimshtaki kwa kusema kwamba alidanganya. Mwaka 1959 akafungwa. Hebu tulia hapo kidogo. Ushahidi uliomfunga mtu uliahidiwa nafasi ya chuo. Kiri kwamba ulikuwa wa uongo, unapelekwa jela. Ukisoma rekodi peke yake, bila hadithi iliyo nyuma yake, utamwona Kenyatta mhalifu wa 1953 na Macharia mhalifu wa 1959, na hutajua lolote la maana kuhusu yeyote kati yao.

Kenyatta hakuwa na namna ya kuficha rekodi yake. Dunia nzima iliijua. Na ilimzuia kweli: sheria ilisema aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka 2 hawezi kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwisho wa 1961 Uingereza ikakubali kizuizi hicho kiondolewe, na Januari 1962 Kenyatta akaingia barazani kwa kiti cha Fort Hall, Murang'a ya leo, ambacho Kariuki Njiri alimwachia. Hakuna aliyejifanya kwamba hukumu haikuwepo. Kilichobadilika ni uzito waliyoipa.

Kwenye uwakili vita hivyo vimepiganwa wazi zaidi. Machi 1922 Gandhi alifungwa India kwa uchochezi. Novemba mwaka huohuo Inner Temple ya London, chama kilichomfanya wakili, kikamfuta kwenye orodha yake. Jina lake lilirudishwa 1988, miaka 40 baada ya kifo chake. Hawakujisumbua sana kuuliza ni kosa gani; hukumu ilitosha.

Linganisha na Pretoria, 1954. Mandela alikuwa amepatikana na hatia Desemba 1952 kwa kuongoza kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi, miezi 9 iliyosimamishwa. Chama cha Wanasheria cha Transvaal kikaenda kortini kikitaka afutwe. Jaji Ramsbottom alikataa. Hoja yake ilikuwa rahisi: ndiyo, alivunja sheria, na alijua anaivunja. Lakini je, kosa hilo linaonyesha kwamba si mwaminifu, kwamba hafai kushika kesi ya mteja? Jibu lilikuwa hapana. Chama kikaamriwa kulipa gharama. Na hii ilikuwa korti ya Afrika Kusini ya makaburu, si korti ya marafiki zake.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, si moja. La kwanza: ulivunja sheria? La pili: kuvunja kule kunasema nini kuhusu wewe? Fomu huuliza la kwanza. Watu wazuri huangalia la pili.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Januari 2014, Mahakama Kuu ya jimbo la California. Tarehe 2 iliamua kesi ya Sergio Garcia, kijana aliyeletwa Marekani kutoka Mexico akiwa mtoto na kuishi huko miaka mingi bila karatasi. Alikuwa amesoma sheria na kufaulu mtihani. Mahakama ilisema apewe leseni. Kukaa nchini bila kibali peke yake hakuonyeshi kwamba mtu ana tabia mbovu. Siku 25 baadaye mahakama ileile ikaamua kesi ya Stephen Glass, mwandishi wa zamani aliyekuwa ametunga habari za uongo magazetini kisha akasomea sheria. Yeye alinyimwa. Na moja ya mambo yaliyomharibia ni kwamba alipoomba uwakili New York miaka ya nyuma, hakuorodhesha uongo wake wote kama ulivyokuwa. Glass hakuwa na hukumu ya jinai hata moja. Lakini aliyekosa karatasi alipita, na aliyekosa ukweli akabaki nje.

Nikirudi Kakuma na uamuzi huo mkononi, mambo yananyooka. Kambi ilifunguliwa 1992 kupokea, kati ya wengine, maelfu ya wavulana kutoka Sudan waliokuwa wametembea mpaka Ethiopia, wakafukuzwa na vita huko, wakatembea tena hadi Kenya. Kutembea ndiko kuliwaokoa. Kisha Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ikaweka kwamba kuishi nje ya eneo ulilopangiwa bila ruhusa ni kosa, faini au jela hadi miezi 6. Sheria mpya ilikuja 2021, lakini kutoka kambini bado kunahitaji kibali. Barabara ya Kakuma hadi Lodwar ni kilomita kama 120, na njiani kuna vizuizi vya polisi. Mturkana na mkimbizi wanaweza kuketi kiti kimoja kwenye matatu, wote wakienda hospitali, na mmoja tu ndiye anayefanya kosa. Kosa la namna hiyo linategemea mtu alizaliwa wapi, na kuhusu tabia yake halisemi kitu.

Lakini kunyamaza kuhusu hilo kosa ni jambo lingine kabisa. Hapo ndipo wanaomshauri rafiki yangu wanampoteza. Faini ya kibali ni kosa la mahali. Ukiandika "hapana" kwenye fomu ukijua ni "ndiyo", umejitengenezea kosa la tabia, na hilo ndilo pekee wakili asiloweza kusamehewa kirahisi. Tena rekodi hutokea. Ukipigwa alama za vidole polisi kwa ajili ya cheti cha tabia njema, kesi uliyodhani imesahaulika inaweza kuibuka, miaka minne ya masomo ikiwa imeshapita.

Wanaosoma fomu nao wana kazi yao. Kisanduku kikiwekwa tiki, wasiishie hapo. Waulize ni sheria gani iliyovunjwa na ilimlenga nani. Turkana imetawaliwa zaidi ya miaka 100 na sheria zinazogeuza safari kuwa uhalifu. Ukimtupa kila aliyewahi kukamatwa akisafiri, utabaki na mawakili ambao hawajawahi kusimamishwa barabarani, halafu tushangae kwa nini hakuna anayeelewa kesi za Kakuma.

Basi, kwa yeyote mwenye kalamu chini sasa hivi: iokote. Andika "ndiyo". Andika tarehe, korti, kiasi cha faini, na nambari ya kesi kama unayo. Kisha andika sheria ilisema nini na ulikuwa unaenda wapi. Usijitetee sana na usiombe huruma. Sentensi tano zinatosha, mradi zote ni za kweli.