Ndigana Kali na Ndigana Baridi

Mwaka 1897, mjini Dar es Salaam, Robert Koch aliona vimelea katika damu ya ng'ombe, akavichukulia kuwa vya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Maradhi yalikuwa mawili; mnamo 1904 Arnold Theiler alieleza kuwa kimelea kile ni cha aina ya pekee.

Tunakikumbuka kisa hicho tunapopitia istilahi za wasaidizi wa mifugo wanaofunzwa Mpwapwa, palipo na maabara ya mifugo tangu 1905. Mwanafunzi anayekuja na neno moja tu, ndigana, hufundishwa kulitenga: ndigana kali huvimbisha tezi chini ya sikio, ndigana baridi hupunguza damu na kumfungisha ng'ombe choo. Zote huenezwa na kupe, lakini dawa si moja. Oksitetrasaiklini huponya ya pili. Ya kwanza ikishapamba moto, haiiponyi. Msaidizi aandikaye "ndigana" pasipo kivumishi humwachia mwenzake kubahatisha, na mfugaji hulipia dawa isiyofaa.

Wako watafsiri wanaokifuta kivumishi hicho wakidhani ni pambo, na "baridi" huwachekesha, maana mnyama huyo ana homa. Sisi tunashauri kibakishwe. Wafugaji wamekwisha kukizoea. Jina tutakalolibuni mezani litafika zizini likiwa geni.