Mkondoa na Reli ya Kati

Wajerumani walipoanza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walijua kikwazo kinawasubiri mbele ya Kilosa. Kutoka hapo, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, garimoshi la mvuke lilipaswa kupanda hadi Dodoma, mita 1,100 na ushee, na milima ya Usagara imeziba njia. Upenyo ulikuwa bonde la Mto Mkondoa, wakalifuata. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara: mwinuko wake injini ziliumudu, na maji ya kuzinywesha yalikuwa jirani. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini tangu hapo, kwa kilometa 80 hivi kati ya Kilosa na Gulwe, reli na mto vinalala kitanda kimoja.

Mwaka 1916 Wajerumani hao hao, wakikimbia vita, walilipua madaraja ya reli yao. Waingereza waliyajenga upya, kazi ikaisha. Kazi ya mto haiishi hivyo.

Huko juu Mkondoa huitwa Kinyasungwe, nao hukusanya maji ya nchi kame ya Dodoma na Mpwapwa. Vilima vikishakatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi, mvua ya saa chache hushuka na udongo wake. Mchanga hujaa mtoni, kina hupungua, makalavati huziba. Maji yakikosa pa kupita hugeukia tuta la reli: kokoto huondoka kwanza, kisha udongo, hadi reli mbili zinabaki zikining'inia hewani na mataruma yake ya chuma.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata njia. Desemba 2009 na Januari 2010 zikawa mbaya zaidi: maelfu ya watu Kilosa walipoteza makazi, na treni zikasimama kwa miezi. Abiria aliweza kupanda basi hadi Dodoma na kuendelea na treni. Kontena la Bujumbura au mzigo wa Kongo haushuki ukapanda basi. Njia ni moja, hivyo daraja moja likienda, mabehewa yanakwama pande zote mbili. Mfanyabiashara aliyekodi lori kwa dharura hurudi relini kwa shida sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli hii ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Muongo mmoja baadaye hazikufika 300,000. Uchakavu wa vichwa vya treni ulichangia, bila shaka, lakini hata kichwa kipya hakivuki pasipo na tuta.

Dawa ya mmomonyoko wa huko juu mtoni ilishajaribiwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kuponya ardhi iliyomomonyoka, Mpwapwa ikiwemo. Ilihesabiwa kuwa kazi ya misitu, wakati ilikuwa ya reli pia.

Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa. Mizigo ya Kigoma bado inategemea reli ya zamani bondeni, na fedha za kukarabati tuta lake zitaombwa tena na tena mpaka sehemu yake itumike kuchimba makinga maji na kupanda miti Mpwapwa.