Maporomoko, Reli na Kahawa: Jiografia ya Uchumi katika Historia ya Jinja na Mbale

Jiografia ya uchumi huchunguza mahali ambapo watu huzalisha, husafirisha na kuuza mali, pamoja na sababu za shughuli hizo kustawi mahali fulani na si pengine. Aghalabu sababu hizo huelezwa kwa kutaja maumbile: mto, udongo na mvua. Historia ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, inabainisha kwamba maumbile hutoa nafasi tu. Maamuzi ya watu ndiyo huitumia au kuipoteza.

Mto Naili ulitoka Ziwa Viktoria kwa karne nyingi bila kuzaa kiwanda. Jinja ilipata umuhimu wa kibiashara reli ya kwenda Namasagali ilipofunguliwa mwaka 1912, ikaunganisha maeneo ya pamba ya Ziwa Kyoga na meli za Ziwa Viktoria. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, umeme wake ulivuta viwanda, kikiwamo cha nguo. Hata shaba ya Kilembe, magharibi kabisa mwa nchi, ililetwa Jinja kwa reli ili iyeyushwe. Kwa kuwa kazi hiyo huhitaji umeme mwingi, madini yaliufuata umeme.

Mbale ilikua kwa njia nyingine. Utajiri wake ulitoka katika miteremko ya Mlima Elgon, inayofaa kahawa ya arabika, na reli ya kutoka Tororo kwenda Soroti iliupitia mji huo. Hata hivyo, kuwa karibu na zao hakumpi mkulima mamlaka juu ya bei yake. Kwa sababu hiyo, kuundwa kwa Bugisu Cooperative Union mwaka 1954 ni tukio la kijiografia sawa na ujenzi wa bwawa: wakulima walitaka sauti katika njia itokayo mlimani hadi sokoni.

Uthibitisho mchungu ulikuja mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Bwawa liliendelea kuzalisha umeme, lakini viwanda vingi vya Jinja vilidorora kwa kukosa wasimamizi, mitaji na vipuri. Mto haukuhama, waliohama ni watu pamoja na ujuzi wao.

Kwa hiyo, mipango ya maendeleo isiyouliza nani anamiliki, nani anasafirisha na nani anaamua bei huorodhesha rasilimali tu, bila kueleza uchumi wa mahali.